Jengo Lililogeuzwa Liangalie Barabara

Mchoraji ramani alikuwa kijana mpole, mwenye miwani na mkoba wa ngozi, na ramani yake aliitandaza juu ya meza ya mwalimu mkuu kama mtu anayetandika kitanda cha bi harusi. Mimi nilikuwepo kwa kuwa ndimi fundi niliyepewa kazi ya kuta. Alitueleza kwa utaratibu kwamba jengo la madarasa manne litalala toka mashariki kwenda magharibi, ubavu mmoja mrefu ukitazama kaskazini na mwingine kusini, ili jua lipite juu ya paa bila kuingia madirishani, na upepo upate pa kuingilia na pa kutokea.

Mwenyekiti wa kamati ya shule alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akaishika karatasi kwa pembe, akaigeuza robo, kama mtu anayegeuza sinia ili nyama imwelekee yeye.

"Hivi," akasema. "Liangalie barabara."

Kijana akajaribu kusema kwamba likiangalia barabara litakuwa limeangalia magharibi, na jua la alasiri litaingia ndani bila hodi. Mwenyekiti akamjibu kwamba jua ni la Mwenyezi Mungu, halina upande. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Mchoraji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, nadhani akitumaini ataona watu wengine.

Hakujua kwamba jengo lake lilikuwa limeshageuzwa kabla hajalichora. Miezi michache nyuma, mheshimiwa mmoja alitujia na msafara wake. Tukamwimbia, tukampikia pilau ya kulisha Likoni nzima na abiria wote wa feri, naye akavuta pazia dogo la satini na kufunua jiwe la msingi, lenye jina lake kwa herufi za dhahabu, likitazama barabara ya Ukunda ili hata anayepita mbio alisome. Mheshimiwa akaenda zake. Jiwe likabaki peke yake kwenye majani kama kaburi la mtu asiye na ndugu. Ndiyo desturi yetu huku: tunaanza na jiwe. Ramani huja baadaye, vifaa huja baadaye sana, na akili, inshallah, huja watoto wakishamaliza shule. Na jiwe la mheshimiwa haligeuzwi. Kwa hiyo tukageuza jengo zima, madarasa manne, paa, walimu na watoto, wote wakafuata jiwe.

Mimi nilijua zaidi ya nilivyoonyesha, maana mimi ni mhitimu wa shule ya jioni, ile watu wanayoiita ngumbaru wakidhani wanatutukana. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na mvi kichwani na saruji kwenye kucha, na karatasi yangu ya kufaulu nimeitia fremu kubwa kuliko dirisha la chumba changu. Masomo yetu yalifanyika katika jengo la zamani la shule hiyo hiyo, la mawe ya matumbawe, kuta nene kama ngome, na matundu ya hewa chini ya paa, huku na huku. Mwalimu wetu wa sayansi aliwahi kuwasha kipande cha gazeti katikati ya darasa, tukaona moshi ukipanda, ukazunguka kidogo kama mgeni anayetafuta viatu vyake, ukatoka kwa tundu la juu. Akasema hewa ya moto hupanda, mwachieni mlango. Siku ile nilijiona nimekuwa daktari wa majengo.

Nilipofika usawa wa linta, ule ukanda wa zege unaopita juu ya milango, kwenye ukuta wa nyuma, ule unaotazama bahari, mkono wangu wenyewe ukaacha matundu. Pepo zetu zote mbili, kaskazi na kusi, huja toka upande huo. Ukitaka hewa, ni huko tu pa kuipokelea. Nikapanga matundu yangu kwa mstari, mazuri, ungedhani msikiti.

Mwenyekiti akaja kukagua pamoja na wajumbe wake, amevaa koti, mwezi wa Desemba. Akayatazama matundu, kisha akanitazama mimi.

"Fundi," akasema, "tunafuga kuku hapa?"

Wajumbe wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Nami nikacheka. Hili nalikiri, kwa sababu nimewacheka wengi humu na itakuwa dhuluma nikijiacha. Nilicheka, kisha nikachanganya saruji na kuyaziba yote, moja baada ya moja, kwa ufundi ambao ungezuia bahari isivuke.

Jengo likafunguliwa. Upande wa barabara ulikuwa vioo vitupu, vya buluu, vikubwa, visivyofunguka, kama benki. Wazazi walipiga picha mbele yake wamevaa nguo za Idi na za Krismasi. Hata mimi ninayo yangu. Kaskazi ilikuwa inavuma siku ile, lakini sote tulikuwa nje, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba ndani haifiki.

Sasa nieleze lile jengo lilivyofanya kazi, na usiponiamini sitakulaumu. Vioo vililetwa ili watoto wapate mwanga. Mwanga ukaja na nduguye joto. Toka saa saba mchana jua lilianza kushuka mpaka likatazamana na vioo uso kwa uso, ubao ukang'aa usisomeke, na watoto wa dawati la mbele wakaanza kuiva. Walimu wakabandika magazeti kwenye vioo. Darasa likawa giza. Wakawasha taa. Wallahi, sijapata kusikia jengo jingine duniani linalowashiwa taa kwa sababu jua limezidi. Feni nazo zikafungwa, moja kila darasa, na kwa kuwa silingi, ile dari ya ndani, ilikuwa imebaki kwenye ramani, feni zilining'inia chini ya mabati matupu, kazi yake kuliteka joto la juu na kuliteremsha kwa watu wa chini. Taa na feni zikala tokeni za umeme kama nzige. Ikifika Jumatano zimekwisha, na feni zinaning'inia kimya kama popo waliosahauliwa.

Mvua nayo ilikuwa na vitimbi vyake. Ikipiga mabati yale, mwalimu aliandika ubaoni kisha akakaa, maana hata angepiga kelele kwa kipaza sauti cha mnadani asingesikika. Maji yote ya paa yakateremka yakaenda kuchimba mashimo barabarani, na kesho yake shule hiyo hiyo ikanunua maji ya mkokoteni. Hakuna aliyewaza kuweka tangi. Tangi halina pa kuandika jina.

Mbuzi wa jirani, ambao hawajasoma hata shule ya jioni, walijua yote haya. Mchana walilala kwenye kibaraza cha jengo la zamani. Jengo jipya walilipita mbali, wakizungukia nyuma.

Ningeendelea kuyafanyia mzaha mpaka leo, lakini binti yangu alikuwa gredi ya tano, na gredi ya tano walipewa darasa la mwisho la jengo jipya.

Mtoto ana pumu. Ilikuwa pumu ya adabu, hubisha hodi mara moja moja msimu wa mvua, ukampa ile dawa yake ya kuvuta mdomoni ikaondoka. Kwenye lile darasa ikavunja adabu. Kila siku baada ya chakula cha mchana kifua kikaanza kupiga mluzi. Mwezi wa pili, mwalimu wake alimkimbiza zahanati kwa bodaboda, na wiki iliyofuata tena. Mara hiyo ya pili nilimkuta amekaa wima kitandani, mabega yanapanda na kushuka, hawezi kumaliza sentensi. Huyu ni mtoto ambaye kwa kawaida sentensi zake hazina nukta.

Daktari aliuliza maswali machache tu. Darasa likoje, watoto wangapi, hewa inapita wapi. Nikamwambia watoto wamejaa kama dagaa kwenye kapu, na hewa haipiti. Akasema dawa atatoa, lakini dawa haishindani na chumba. Kumtoa mle ndiyo tiba.

Mke wangu anatandika vitanda katika hoteli moja kule Shelly Beach, na si mtu wa maneno mengi. Alingoja tufike nyumbani, akamlaza mtoto, akaniambia uamuzi wake: shule zikifungwa mwezi wa nne, mtoto anakwenda Matuga kwa bibi yake, akasome huko. Huko madarasa yana madirisha ya mbao na miti.

Nikaanza kusema. Akanikata.

"Wageni wa hoteli yetu wanalala chini ya makuti," akasema, "wanatoka Ulaya kuja kutafuta ule ubaridi. Sisi watoto wetu tumewafungia kwenye kioo. Na matundu umeyaziba wewe."

Binti huyu ndiye aliyenisikiliza nikikariri wakati wa shule ya jioni; miaka saba tu, amekaa na kitabu changu magotini, ananiambia rudia, baba, umeruka. Watoto wengine wawili ninao na nawapenda, lakini nyumba bila huyu kwangu ni bohari tupu. Nikahesabu majuma mpaka kufunga shule. Yalikuwa sita.

Kesho yake nikaenda kwa mwenyekiti. Ana duka la nguo pale Shika Adabu, na nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya duka, mlango wa mbele wazi, mlango wa nyuma wazi, upepo unapita katikati unapeperusha madera. Nikamsalimu shikamoo.

"Marahaba, msomi wa jioni," akasema. "Leo umekuja kunifundisha nini?"

Nikamweleza habari ya mtoto na maneno ya daktari, nikamwomba aniruhusu nitoboe ukuta wa nyuma. Kazi nitafanya bure. Alinipa pole, na nadhani ilitoka moyoni, kwa sababu alisogea akanipa nafasi kwenye benchi.

"Lakini fundi, mtoto wa pumu ni mmoja. Shule haijengwi kwa kifua cha mtoto mmoja."

"Imejengwa kwa jiwe moja, mwenyekiti."

Akacheka mpaka akakohoa. Ana sifa hiyo, hachukii akipigwa neno. Analila kama halua, halafu anafanya lile lile alilokusudia. Akaniambia tukianza kutoboatoboa, watu wa Kiembeni watatucheka, maana wao shule yao ina ghorofa. Nikamuuliza kama amewahi kuingia ndani ya hiyo ghorofa. Akasema ameiona toka barabarani, inapendeza sana.

Nikaona huyu mtu maneno hayamwingii. Nyumba yake ina matundu kila upande, duka lake lina milango miwili, mikutano yake yote ya shule hufanyika ofisini kwa mwalimu mkuu, ndani ya jengo la zamani lenye baridi yake. Tangu siku ya ufunguzi hakuwahi kukaa kwenye jengo jipya muda wa kunywa kikombe cha chai. Alilijua kwa nje tu, kama gari la harusi.

Mwalimu mkuu ni mama mmoja wa Kaloleni, mpole wa sura, lakini ukimkodolea macho utaona kuna moto umefunikwa majivu. Nilimwomba kitu kimoja: mkutano wa kamati ujao ufanyike darasa la gredi ya tano, saa nane mchana. Aliniangalia, akafunga daftari lake polepole. Akasema kwa kweli ofisi yake ina mchwa, na amekuwa akitafuta siku ya kupulizia dawa.

Basi wakaja. Watoto walikuwa wametolewa nje kwenye kivuli cha jengo la zamani, na wajumbe wakakaa kwenye madawati yao, magoti masikioni. Mwenyekiti alikuwa na koti lake. Jua lilikuwa limeshafika kwenye vioo, na ingawa magazeti yalikuwepo, joto halisomi magazeti. Mimi nilisimama mlangoni kwa kisingizio cha kurekebisha bawaba.

Ajenda ya kwanza ilikuwa kuthibitisha yaliyosemwa mkutano uliopita, na ilichukua muda kwa sababu mwenye kusoma alikuwa akijifuta kila mstari. Mabati yalianza kulia, kwaa, kwaa, yanavyofanya yakipanuka. Mwenyekiti alitoa jasho mpaka nikadhani kuna bomba limepasuka ndani ya koti. Akaomba madirisha yafunguliwe. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba hayafunguki. Akaomba feni. Mwalimu mkuu akamjibu, kwa heshima hizo hizo, kwamba leo ni Alhamisi na tokeni zilikwisha jana.

Walivumilia ajenda mbili. Kabla ya ajenda ya tatu mwenyekiti akasimama, akaitazama simu yake iliyokuwa kimya kama jiwe, akasema ana simu ya dharura, anatoka kidogo kuipokea. Akafika mlangoni nilipo. Na hapo ndipo aliposema mjumbe ambaye sikumtegemea, bibi mmoja mzee wa mahamri, anayeuza pale langoni asubuhi, ambaye miaka yote kwenye kamati sikupata kusikia sauti yake ila kwenye dua ya kufungia. Alikuwa ameketi dawati la nyuma, leso yake ameilowesha maji na kuiweka kichwani.

"Mwenyekiti," akasema taratibu, "watoto hawana simu ya kupokea."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alibaki ameshika fremu ya mlango, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumsikia anavyohema, na wallahi kilikuwa kifua cha mtu mzima kinachopiga mluzi. Alitazama nje penye upepo, akatazama ndani penye wenzake, kisha akarudi akakaa. Alikaa mpaka ajenda ya mwisho. Hiyo nampa haki yake, mwanamume alirudi akakaa.

Walipomaliza akaniita.

"Toboa," akasema. "Darasa hili moja, na nyuma tu. Mbele usiguse. Kisionekane kitu barabarani."

Hata baada ya kupikwa kama muhogo, bado hofu yake ilikuwa barabara.

Nikafanya kazi Jumamosi na Jumapili. Nilipasua ukuta wangu mwenyewe, na saruji ile niliyochanganya kwa hasira ikanilipiza kisasi. Nilivunja patasi mbili na nikaapa mara mia nne. Nikaweka safu mbili za mawe yenye matundu, moja usawa wa mtoto aliyekaa, moja juu karibu na paa, nikafunga wavu wa mbu. Kaskazi ikaingia palepale. Ikaingia, ikafika kwenye vioo vya mbele, ikasimama. Haina pa kutokea. Ilikuwa kama kumkaribisha mgeni mlango wa nyuma wakati wa mbele umepigwa misumari. Huyo mgeni ataishia jikoni.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Nikamweleza kwamba safu ya juu ya vioo vya mbele lazima itoke, niweke mbao nyembamba za kulala mshazari, zipitishe hewa na kuzuia jua, na nizipake buluu ile ile. Amri ya mwenyekiti anaijua. Aliwaza.

"Mwalimu fundi," akaniambia, na mpaka leo hakuna cheo nilichopewa kikanipendeza kama hicho, "mimi macho yangu hayaoni mbali. Vitu vya juu kule sivioni kabisa."

Jumapili hiyo hiyo nikatoa vioo na kufunga mbao, na Jumatatu asubuhi mwenyekiti akapita kwa pikipiki, akasimama barabarani, akalitazama jengo kwa muda mrefu. Nilikuwa juu ya ngazi nafuta rangi kwenye vidole. Akaniinulia dole gumba.

"Unaona sasa?" akapaza sauti. "Mbele hujaharibu. Ndiyo maana nakuamini."

Nikamjibu kwamba namshukuru. Alikuwa anatazama mbao zangu moja kwa moja. Mtu anayejenga kwa ajili ya kuonekana, ajabu ni kwamba yeye mwenyewe haoni.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Nikamwambia darasa sasa lina upepo wa kung'oa miti, daftari zinaruka, watoto wanaomba sweta. Akaendelea kukuna nazi. Mke wangu huyachukua maneno yangu, huyagawanya kwa kumi, kisha anatumia kinachobaki, na sanduku la mtoto la kwenda Matuga lilikuwa limeshatolewa chini ya kitanda na kupanguswa. Akasema ataona. Mtoto nikamuuliza kama anapumua vizuri, akanijibu kwamba sasa wanasikia harufu ya maharage toka saa nne na hakuna anayeweza kufanya hesabu. Nikalichukua hilo kama ndiyo, lakini mama yake hakulichukua.

Wiki tatu zikapita bila kifua kupiga mluzi, na sanduku bado liko wazi pembeni. Halafu, siku yake ya mapumziko kazini, mke wangu akaondoka mchana bila kuniaga. Kumbe alikwenda shule. Mwalimu wa darasa ndiye aliyenisimulia: alibisha hodi baada ya chakula, akaomba dawati la nyuma kabisa, akakaa na leso yake begani toka saa saba na nusu, jua likija, mpaka kengele ya saa kumi. Muda wote alikuwa akimtazama mtoto mgongoni.

Alirudi nyumbani, akavua viatu, akaomba maji. Nikampa. Akanywa yote.

"Upepo upo," akasema.

Nikafungua mdomo.

"Wa kung'oa miti hapana. Lakini upo." Akaniwekea gilasi mkononi. "Mtoto atabaki. Na madarasa yale matatu mengine je? Wale hawana mama zao?"

Akaenda kulirudisha sanduku chini ya kitanda. Jumamosi nilirudi shule na nyundo na patasi mpya, na ruhusa sikuomba.